Jinsi ya kutumia picha za mitandaoni kujua watu wanathamini nini kwenye mandhari

Unataka kujua watu wanathamini nini kwenye msitu, ziwa au mlima fulani na huna bajeti ya kutuma watu na madodoso? Picha wanazoposti wenyewe zinasaidia sana, ila ukikurupuka utapata ramani ya kupendeza yenye majibu ya uongo.

Anza na swali. "Watu wanapenda nini" ni pana mno, uliza kitu kama: wanaofika hapa wanapiga picha maji, wanyama, magofu au wanajipiga wenyewe na jamaa zao, na wapi hasa?

Data utaipata zaidi Flickr, mtandao wa kuwekea picha. Instagram ina picha kibao lakini ilibana sana API yake (mlango ambao programu hupitia kuchota data) 2018, wakati Flickr unaomba ufunguo wa API, unachora boksi la eneo lako kwa latitudo na longitudo, unaweka tarehe, inakuletea picha zilizo wazi kwa umma na saa zilipopigwa, namba ya akaunti na lokesheni. Utafutaji mmoja unakupa kama picha 4000 tu, zaidi ya hapo zinajirudia, kwa hiyo kata eneo vipande vidogo au vuta mwezi mmoja mmoja. Pia kila lokesheni ina kiwango cha usahihi, 1 mpaka 16, hizo za chini tupa maana mtu kabofya tu katikati ya mji akaendelea na maisha yake.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza: usihesabu picha! Mpenda ndege mmoja mwenye lenzi ndefu anaweza kupandisha picha 300 za korongo yuleyule asubuhi moja, na kwenye ramani yako pale patawaka nyekundu utadhani umati ulihamia. Hesabu siku-mtu, yaani mtu mmoja, sehemu moja, siku moja ni 1, hata kama kapiga mia. Mtafiti Spencer Wood na wenzake walikitumia kipimo hiki 2013 kwa maeneo 836 ya mapumziko duniani, wakalinganisha na takwimu za wageni na vikaendana vizuri tu, na programu ya bure ya InVEST inakuhesabia.

Lakini hiyo inakwambia watu wako wapi, haikwambii wamefuata nini, hapo lazima uziangalie picha. Chukua sampuli, andika makundi yako, halafu watu wawili wazipange kila mtu kivyake bila kuchunguliana. Watabishana tu. Picha ina ziwa, mlima kwa nyuma, mtoto anacheka mbele, hiyo ni mandhari au familia? Amueni kanuni mapema (au ruhusu makundi mawili kwa picha moja, mimi naona ni bora hivyo) na soma tagi na maelezo ya mwenye picha. Mashine zinazotambua picha zinaharakisha kazi ila zinaona mti, hazijui kama ni mti wa matambiko.

Kingine, GPS inaonyesha mpigaji aliposimama, sio alichokuwa anakitazama. Mlima unapigwa ukiwa mbali huko barabarani, kwa hiyo ramani yako itadai watu wanaipenda mno sehemu ya kupaki magari. Ingia QGIS (programu ya bure ya ramani), weka data ya mwinuko kama SRTM, kokotoa kinachoonekana kutoka pale aliposimama mpigaji.

Halafu jiulize nani hayupo. Wanaoposti mara nyingi ni wageni, anayechota maji kwenye kile kijito kila siku hana haja ya kukipiga picha, kwa hiyo eneo tupu kwenye ramani sio eneo lisilo na thamani, nenda kaongee na wenyeji. Na ukiona picha zinapungua mwaka hadi mwaka usiseme wageni wamepungua, inawezekana watu wamehama mtandao tu, tena 2019 Flickr iliweka kikomo cha picha 1000 kwa akaunti za bure. Linganisha na eneo kubwa zaidi kwanza, uone kama huko nako picha zimepungua.

Picha kuwa wazi sio ruhusa ya kumuanika mtu. Futa majina ya akaunti uweke namba zako, usichapishe sura za watu, na kabla ya kugawa ramani badilisha nukta ziwe miraba ya kilomita moja au zaidi, hasa kama kuna viota vya ndege adimu au maua yanayoibiwa, hizo bora uzifiche kabisa.