Geuza kopo: jinsi ya kupima ahadi ya kipodozi kwa viambato vyake

Maneno makubwa yaliyo mbele ya kopo la krimu huchaguliwa na watu wa mauzo. Yale madogo ya nyuma, ambayo mara nyingi huanza na Aqua au Water, hupangwa kwa kufuata sheria. Ukijua yanavyopangwa, na ukiwa na viwango vichache kichwani, unaweza kuipima ahadi ya bidhaa yoyote kwa dakika chache bila kuwa mtaalamu wa kemia.

Anza na ahadi yenyewe. Inakili neno kwa neno, maana ujanja mwingi umo kwenye uchaguzi wa maneno. "Hupunguza mwonekano wa makunyanzi" si sawa na "huondoa makunyanzi": krimu yoyote inayoipa ngozi maji itaijaza kidogo, na mistari midogo itafifia kwa saa kadhaa. "Husaidia" haina kipimo. "Hadi" inataja matokeo ya juu kabisa, hata kama aliyeyapata ni mtu mmoja tu. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" inasema kipimo kilifanyika, haisemi kilionyesha nini. Neno hypoallergenic, linalodai kwamba bidhaa haileti mzio kirahisi, nalo halina tafsiri ya kisheria nchini Marekani. Kila kampuni hulitumia kwa maana inayoitaka. Ukikuta takwimu ya watumiaji walioridhika, tafuta maandishi madogo chini yake: walikuwa wangapi, kwa wiki ngapi, na je, ngozi ilipimwa kwa kifaa au watu waliulizwa tu wanaonaje?

Sasa itafute orodha. Mara nyingine huwa kwenye boksi tu, kwa hiyo usilitupe. Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi, mpaka kufika vile vilivyo chini ya 1%. Kuanzia hapo mtengenezaji ana ruhusa ya kuvipanga anavyotaka, na ndiyo maana dondoo la ua zuri hutangulia vihifadhi ingawa huenda kiasi chake ni tone. Rangi, zinazoandikwa CI na namba, huweza kuwekwa mwishoni bila kujali wingi.

Mstari huo wa 1% hauchorwi popote, lakini unaweza kuukisia vizuri. Alama ya kutegemewa zaidi ni kihifadhi kinachoitwa Phenoxyethanol, ambacho kikomo chake katika Umoja wa Ulaya ni 1%. Kwa bidhaa inayofuata sheria hizo, chochote kilichoandikwa baada yake hakizidi 1%, kwa sababu kingezidi kingelazimika kutangulia. Kumbuka kwamba kinyume chake si kweli: kilichotangulia Phenoxyethanol nacho chaweza kuwa chini ya 1%. Kama kihifadhi hicho hakipo, angalia Carbomer, Xanthan Gum au Disodium EDTA. Hivi kwa kawaida hutiwa kwa kiasi kisichofika 1%.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona kiambato kipo chini ya mstari, wanasema ni cha mapambo tu. Inategemea ni kiambato gani. Retinoli, aina ya vitamini A inayopunguza makunyanzi, hufanya kazi kuanzia takriban 0.1%, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 0.3% kwa krimu za uso, kwa hiyo kuiona karibu na mwisho wa orodha si kasoro. Asidi ya haialuroniki, ambayo kwenye lebo huwa Sodium Hyaluronate, hutosha hata kwa 0.1%, na peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, hutumika kwa viwango vidogo zaidi. Lakini niasinamaidi (Niacinamide kwenye lebo), aina ya vitamini B3, huhitaji kama 2% hadi 5%. Vitamini C halisi, yaani Ascorbic Acid, hutakiwa kuwa 10% hadi 20% katika mchanganyiko wenye pH, yaani kipimo cha uasidi, chini ya 3.5. Asidi ya glikoliki ya kutumia nyumbani huwa 5% hadi 10%, asidi ya salisiliki ya chunusi 0.5% hadi 2%, na urea ya ngozi kavu 5% hadi 10%. Hivi vya kundi la pili, isipokuwa salisiliki ya kiwango cha chini, vikionekana chini ya mstari, ahadi iliyojengwa juu yake haina msingi.

Chukua mfano huu wa kutunga. Mbele imeandikwa: "Vitamini C, retinoli na kolajeni. Kwa ngozi nyeti. Bila alkoholi." Nyuma imeandikwa:

Aqua, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Caprylic/Capric Triglyceride, Dimethicone, Niacinamide, Glyceryl Stearate, Phenoxyethanol, Carbomer, Parfum, Ascorbic Acid, Retinyl Palmitate, Hydrolyzed Collagen, Disodium EDTA, Linalool, Limonene.

Ascorbic Acid iko baada ya Phenoxyethanol, kwa hiyo haizidi 1%, wakati ilitakiwa kuwa mara 10 ya hapo. Retinoli haimo kabisa. Kilichomo ni Retinyl Palmitate, jamaa yake ambaye ngozi hulazimika kumbadilisha kwa hatua zaidi kabla hajafanya kazi, na nguvu yake ni ndogo. Molekuli za kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Hata ikikatwakatwa kama hapa, kazi yake ni kushika maji juu ya ngozi. Haijazi kolajeni iliyopungua ndani. Kuhusu ngozi nyeti, Parfum ni manukato, na Linalool na Limonene ni vijenzi vya manukato ambavyo Umoja wa Ulaya hulazimisha vitajwe kwa majina vikizidi 0.001% kwenye bidhaa isiyooshwa, kwa sababu huwaletea baadhi ya watu mzio. Ahadi hiyo imeanguka.

"Bila alkoholi" ni kweli, tofauti na wanavyodhani wengi. Cetearyl Alcohol ni kitu cha mafuta kama nta, hulainisha na wala hakikaushi. Inayokausha ni Alcohol Denat., hasa ikiwa ndani ya majina matano ya mwanzo.

Kinachobaki ni krimu nzuri ya kulainisha ngozi, yenye gliserini katika nafasi ya pili na niasinamaidi ambayo huenda inatosha. Kama bei yake ni ya losheni ya kawaida, inafaa kununuliwa kwa kazi hiyo. Kama bei ni ya vitamini C na retinoli, iache.

Asilimia zilizoandikwa mbele nazo zisomwe polepole. "Mchanganyiko wa vitamini C 10%" inaweza kumaanisha 10% ya kimiminika ambacho ndani yake vitamini ni sehemu ndogo. "Asili 98%" mara nyingi huhesabu maji. Kiwango cha ISO 16128, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu viambato vya asili, kinaruhusu. "Bila parabeni" ikufanye utafute kihifadhi kilichochukua nafasi yake: Methylisothiazolinone ilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba tangu 2017 Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye bidhaa zisizooshwa.

Orodha ina mipaka yake. Haionyeshi pH, kwa hiyo kwa asidi mwandikie mtengenezaji umuulize pH na asilimia. Haionyeshi kama vitamini C bado nzima. Ikiwa kwenye chupa ya kioo kinachopitisha mwanga na imegeuka rangi ya kahawia, imeharibika. Wala huwezi kukisia SPF, yaani kipimo cha kinga dhidi ya jua, kwa kusoma viambato, kwani hupimwa kwenye ngozi ya watu kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Anayepaka kidogo kuliko hapo hapati kinga iliyoandikwa.

Krimu za kung'arisha ngozi zinahitaji macho makali kuliko zote, kwa kuwa humo hatari haiko kwenye kilichoandikwa tu. Ikiwa rangi inabadilika ndani ya siku chache na orodha inataja mafuta, gliserini na dondoo za mimea peke yake, basi kuna kitu kimefichwa: zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi kali. Maneno ya kukataa papo hapo ni Mercury, Mercurous Chloride, Calomel na Mercuric Iodide. Clobetasol Propionate na Betamethasone ni dawa za daktari, si vipodozi. Bidhaa isiyo na orodha kabisa usiiguse. Na ukikuta onyo kwamba isigusane na vito vya dhahabu, fedha au alumini, jua kwamba hiyo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki huungana na metali hizo.

Kama umeshaitumia krimu unayoishuku kuwa na zebaki, acha leo, nawa mikono, na uifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa badala ya kuimwaga kwenye sinki. Mweleze daktari, akupime mkojo. Zebaki huumiza figo, na walio nyumbani, hasa watoto, huipata kupitia mataulo na mikono yako. Kwa steroidi iliyopakwa miezi mingi, nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya kuacha ghafla, kwa sababu ngozi huweza kuwaka na kuvimba vibaya kuliko mwanzo, na wengi kwa kuogopa hilo huirudia.