Kupima Madai ya Kijani kwa Modeli ya Lugha

Ukitaka kuchunguza ripoti ya uendelevu, yaani ile inayoeleza kampuni inavyotunza mazingira na jamii, ya kampuni yenye shughuli bandarini Kilindini, usiiulize modeli ya lugha (programu ya akili bandia inayojibu kwa maandishi, kama ChatGPT) iwapo kampuni hiyo inadanganya, kwa kuwa itakujibu kwa ufasaha hata pasipo ushahidi. Igawe ripoti sentensi kwa sentensi, kisha uiagize modeli ioneshe kama kila dai lina kipimo, mwaka wa kuanzia na tarehe ya mwisho. Dai la mfano kama “tunaijali bahari yetu” halina hata kimoja. “Tutapunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 30 ifikapo 2030, tukilinganisha na 2019” linapimika. Itake pia inukuu maneno yenyewe na kutaja ukurasa, nawe uufungue ukurasa huo, maana modeli huweza kubuni nukuu.

Hatua ninayoithamini zaidi ni kutafuta yaliyonyamaziwa. Kiwango cha IFRS S2, kanuni ya kimataifa ya kuripoti masuala ya tabianchi iliyotolewa Juni 2023, kinataka gesi joto zitajwe katika makundi matatu, likiwemo la wasambazaji na wateja. Ripoti iliyojaa picha za mikoko ya Tudor, Mombasa, lakini isiyogusa kundi hilo inastahili kuhojiwa. Kabla ya kuiamini modeli, zipange mwenyewe sentensi 100 za ripoti kwa vigezo hivyo hivyo, kisha ulinganishe majibu yako na yake.