Anza na jedwali la kina na shinikizo

Unapojiandaa kwa mtihani wa cheti cha awali cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, usianze kwa kukariri majibu, bali chukua karatasi tupu uchore jedwali la kina, shinikizo na ujazo wa hewa, na urudie mpaka uweze kulichora bila kuchungulia popote. Juu ya maji ya bahari shinikizo ni angahewa 1 (kipimo cha shinikizo, sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida inayotuzunguka), na kila mita 10 za kushuka huongeza angahewa nyingine 1. Kwa hiyo katika mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Ujazo huenda kinyume: puto lililofungwa likiwa na lita 12 hubaki na lita 6 katika mita 10, lita 4 katika mita 20 na lita 3 katika mita 30.

Zitazame vizuri tarakimu hizo. Mita 10 za kwanza zimekula lita 6, ilhali mita 10 za mwisho zimekula lita 1 tu, na hapo ndipo utaelewa kwa nini masikio huanza kuuma mapema, na kwa nini mtu anayepanda huku amebana pumzi anaweza kuumia mapafu hata akiwa karibu kabisa na uso wa maji (swali ambalo, kwa sura moja au nyingine, ni nadra kukosekana). Jedwali hilohilo linaeleza pia kwa nini mtungi huisha haraka kina kinapoongezeka, kwani katika mita 20 kila pumzi hubeba hewa mara 3 ya ile ya juu. Ishara za mikono, ambazo wapiga mbizi huzitumia kuwasiliana chini ya maji, zinaweza kusubiri jioni ya mwisho kabla ya mtihani.