Ukiitwa usaili wa afisa maendeleo ya biashara Mtwara au Lindi, jiandae hivi

Wadogo zangu mnaoitwa usaili wa hizi kazi za maendeleo ya biashara, yaani kutafuta wateja na kuuza, huku kusini, acheni kukariri yale majibu ya "mimi ni mchapakazi, naweza kufanya kazi chini ya presha", kila mtu anayasema hayo na jopo limeshayachoka. Wanachotafuta ni mtu anayejua hela ya huku inaingia lini na inapitia wapi.

Kwa hiyo anza na msimu. Minada ya korosho kwa kawaida inaanza Oktoba, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, mnunuzi akishalipa ndo hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima, sasa hapo katikati kuna siku za kusubiri na muuzaji asiyejua hilo anaenda kumsumbua mtu ambaye mfukoni hana kitu. Ufuta nao minada yake iko katikati ya mwaka. Ukienda Tandahimba mwezi wa sita watu wanahangaika na salfa, dawa ya mikorosho, na mabomba ya kupulizia, utaambiwa njoo msimu, na mteja wala hakukwepi, ndo hali yake ilivyo.

Swali wanalolipenda ni la aina hii: tumekupa Newala, tunauza sola kwa mkopo, wiki ya kwanza unafanya nini? Wengi wanajibu nitapita nyumba kwa nyumba nagawa vipeperushi. Mi nakushauri useme hivi, naanza kuripoti kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji wanijue, halafu namtafuta katibu wa AMCOS naomba nafasi kidogo kwenye mkutano wa wanachama, nafunga taa moja palepale ofisini kwao watu waione inavyowaka usiku, na marejesho naomba kampuni iyapange yaendane na malipo ya mnada badala ya kila wiki. Ukifika hapo kwenye marejesho utaona waliokuwa wanakuangalia tu wanaanza kuandika, maana madeni mabaya ndo yanawaumiza kichwa.

Kama kazi ni ya kuuzia makampuni, hiyo ni habari nyingine, hapo ongelea bandari ya Mtwara, kiwanda cha saruji cha Dangote, mitambo ya gesi Madimba na wakandarasi wanaozunguka hapo, na uonyeshe unajua kwamba unaanza na mtu wa manunuzi, unapeleka profoma (ankara ya bei kabla ya kuuza), risiti lazima ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na malipo yanachelewa.

Wakikuuliza utaleta wateja wangapi usitaje namba kubwa ya kuwafurahisha. Piga hesabu mbele yao, mfano nikiongea na watu 40 tuseme 10 watanisikiliza vizuri na 3 watanunua, kwa hiyo nikitakiwa wateja 30 lazima nifikie watu 400, na Newala vijiji viko mbalimbali, je pikipiki ipo? Hesabu ya namna hiyo hata ikikosolewa inaonyesha unafikiri.

Wakikupa kalamu wakasema tuuzie, usianze kuisifia, muulize kwanza anaandika nini kila siku na ya sasa inamsumbua wapi. Mavazi nadhifu tu, suti sio lazima na joto la huku mnalijua, shikamoo kwa wakubwa usiisahau.

Zamu yako ya kuuliza ikifika tafadhali uliza, wengi wanaona aibu halafu wanakuja kulia baadaye. Kuna mshahara wa kuanzia au komisheni tupu? Mafuta na vocha nani analipa? Tageti ni ileile mwaka mzima au inapungua Machi na Aprili hela ikikata? Mteja akishindwa kurejesha nakatwa mimi? Hilo la mwisho lisiishie mdomoni, omba wakuonyeshe kwenye mkataba kabla hujasaini, na anayekudai hela ya fomu au ya sare kabla ya kazi aga uondoke.