Tabaka za bahari kuu kwa kamba ya mita 11

Michoro mingi hugawa bahari katika tabaka tano za unene sawa. Mwanafunzi wa Goma, aliyezoea Ziwa Kivu tu, ataamini hivyo hivyo. Kamba inamsahihisha haraka.

1. Nunua kamba ya mita 11 soko la Virunga. Sentimita 1 ni mita 10 za kina. Ilaze uwanjani juu ya mawe yetu ya volkano. Kutafuta ukuta wa kuitundika ni kujichosha. Ncha moja ni uso wa maji.

2. Kwenye sentimita 20 funga kipande cha kikwembe. Hiyo ni mita 200, mwisho wa epipelajiki, tabaka la juu kabisa. Chini yake mwanga hautoshi mimea kujitengenezea chakula. Waache wanafunzi washangae ufupi wake.

3. Kwenye mita 1 funga kingine: mwisho wa mesopelajiki, eneo la nuru hafifu. Wanyama wengi wa humu hupanda usiku kula, na alfajiri hushuka kujificha.

Sasa uzi mwekundu kwenye sentimita 48: Kivu inaishia hapo. Lazima mtu ataulizia gesi, na hapa usiharakishe. Maji ya chini ya Kivu hayachanganyiki na ya juu, kwa hiyo oksijeni huisha kwenye mita 60 hivi, na chini hujikusanya kaboni dioksidi na methani. Bahari ni tofauti: karibu na Greenland na Antaktika maji baridi yenye chumvi nyingi huzama, yakasambaa chini pamoja na oksijeni yake. Ndiyo maana vilindi vina uhai.

4. Mita 4 za kamba, mwisho wa bathipelajiki: giza totoro, mwanga ni wa wanyama wenyewe, joto nyuzi 4 hivi. Mita 6, mwisho wa abisopelajiki.

5. Kamba iliyobaki ni hadali. Sisitiza kwamba hili si tabaka lililotanda bahari nzima, ni mitaro michache tu. Mtaro wa Mariana, katika Bahari ya Pasifiki, unafika karibu mita 10,900, shinikizo likizidi mara 1,000 lile la uso wa bahari. Jacques Piccard na Don Walsh walifika chini mwaka 1960 ndani ya Trieste, chombo cha kuzamia.

Piga fundo kwenye mita 8 na sentimita 34. Mwaka 2022 samaki alirekodiwa kwa kamera kwenye kina hicho, karibu na Japani. Kutoka fundoni hadi mwisho wa kamba, waambie wachore wanyama wadogo wanaofanana na uduvi: hao wanaishi mpaka chini kabisa.