Somo: Kuondoa utando mwekundu kwenye tangi la samaki la maji ya chumvi

Wadau, ule utando mwekundu unaofunika mchanga umewasumbua wengi mwaka huu, kwa hivyo tuuchukue pole pole leo.

Kwanza tuujue. Wengi tunauita mwani, lakini si mwani. Ni sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea. Utazame alasiri, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa: utaona mapovu madogo yamenasa ndani yake kama shanga. Hiyo ni oksijeni. Ukiugusa kwa kijiti huinuka kipande kizima, kama ule utando wa juu ya chai ya maziwa iliyopoa. Ukiona nyuzi za kahawia zinazoning'inia kama kamasi, huenda ni dinoflajeleti, viumbe wengine wadogo wa seli moja, na hao wana tiba yao. Hakikisha kwanza.

Hatua ya 1: Unyonye. Zima pampu, kwa sababu mkondo hutawanya vipande na kila kipande huota kinakoangukia. Tumia mpira mwembamba, unene wa kidole, na ndoo ya lita 20. Usisugue kwa brashi. Anzia ukingoni, pale utando ulipoanza kuinuka. Ukiusogezea mdomo wa mpira, wenyewe utajikunja na kuingia. Mchanga kidogo utaufuata, utauosha baadaye. Tangi langu ni la lita 200, kwa hivyo natoa ndoo mbili, yaani asilimia 20, na kurudisha maji mapya ya chumvi yenye kipimo cha 1.025 (uzito wake ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi). Yapashe kwa hita kwanza. Maji ya ndoo, Julai hapa Nairobi, yatawashtua samaki.

Hatua ya 2: Chunguza maji unayoongezea. Hapa ndipo nilipoumia. Kwa miezi minne nilinyonya utando kila Jumamosi, na kufikia Jumatano ulikuwa umerudi. Nilikuwa nikinunua maji kwenye duka la kujaza mitungi mtaani, nikiamini kwamba maji yanayofaa kunywa yanafaa tangi. Siku niliyoazima kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kilisoma 64. Maji ya kuchanganyia chumvi yanapaswa kusoma 0. Kumbuka pia kwamba maji ya tangi hukauka kila siku huku vilivyoyeyuka, ambavyo baadhi hulisha utando, vikibaki, kwa hivyo kila ndoo ya kujazia iliongeza kidogo juu ya kile cha jana. Maji ya visima vya Nairobi yana madini mengi zaidi, floraidi ikiwemo. Nunua mashine ya osmosisi, inayochuja maji kupitia ngozi nyembamba sana, yenye kichujio cha resini (chembe zinazonasa madini yaliyobaki) mwishoni, hata kama ni ndogo, na pima kila unapochota. Namba ikianza kupanda, badilisha resini.

Hatua ya 3: Amsha maji yaliyolala. Utando hupenda kona ambako mkondo haufiki na uchafu hutulia. Dondosha chembe chache za chakula uone zinakosimama, kisha elekeza pampu huko.

Hatua ya 4: Punguza chakula. Kamba wa barafu wayeyushe, wachuje na uwasuuze. Yale maji yao yana fosfati nyingi, ambayo ni mbolea kwa utando. Lenga fosfati isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita.

Hatua ya 5: Giza. Ukishamaliza hayo yote, zima taa siku 3 na ufunike tangi kwa blanketi, ukiacha hewa ipite. Matumbawe mengi yenye afya huvumilia. Pampu ziendelee, kisha nyonya mabaki. Ukianza na hatua hii, utando utarudi tu.

Maswali ya wanachama

*Naitreti yangu inasoma 0. Mbona utando bado upo?*
Mara nyingi utando umeshaila kabla hujapima. Tena baadhi ya sianobakteria huchukua naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini, kwa hivyo naitreti ya 0 haiwaui. Inawadhoofisha washindani wao. Mimi naiacha kwenye miligramu 5 hadi 10 kwa lita.

*Rafiki yangu aliweka vidonge vya erithromaisini, ukaisha kwa siku mbili. Nifanye hivyo?*
Ndugu, nakusihi usianzie hapo. Dawa hiyo ni antibiotiki, inaweza kuua pia bakteria wanaosafisha maji, na utando unaooza hula oksijeni. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Maji yetu hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa. Na ni dawa ya binadamu: ukimwaga maji yale kwenye mtaro unawazoesha vijidudu kuihimili.

*Je, nikiagiza maji ya bahari kutoka Pwani?*
Yanafaa yakichotwa mbali na ufuo na milango ya mito, si baada ya mvua kubwa. Yakikaa kwenye mtungi uliofungwa, viumbe vidogo hufa na kuoza humo, nawe unamimina mbolea. Binafsi nachanganya chumvi mwenyewe.

*Kwetu Umoja stima hupotea mara kwa mara. Inahusiana?*
Ndiyo, dada. Pampu zikisimama kwa saa nyingi uchafu wote hutua chini. Weka pampu ya hewa ya betri, na stima ikirudi nyonya mchanga wa juu jioni hiyo hiyo, kabla taa hazijawaka kesho yake.