SOMO: Kubalansi klasi maalum kwenye RPG za mezani (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, nshachoka kujibu inboksi moja moja. Swali ni lilelile, "nimetunga klasi mpya mbona inawafunika wenzake" au "mbona mwenye hiyo klasi anakaa tu". Naliweka hapa mara moja. Kwa wageni: RPG ya mezani ni gemu ya kuigiza wahusika kwa dadu, klasi ni aina ya mhusika (mpiganaji, mchawi n.k.), leveli ni ngazi aliyofika. Mifano ni ya D&D (Dungeons and Dragons) toleo la tano (2014) maana ndo wengi mnacheza, ila hesabu zinaenda na gemu yoyote ya dadu na leveli.

Hatua ya 1. Andika kwa sentensi moja klasi yako inafanya nini ambacho wengine hawawezi.

Hatua ya 2. Tafuta klasi ya kitabuni ya kulinganisha nayo, leveli ileile.

Hatua ya 3. Piga wastani, achana na namba kubwa unayoota. Dadu ya pande 6 wastani wake ni 3.5. Mpiganaji wa leveli ya 5 mwenye panga la mikono miwili anapiga mara mbili, kila pigo dadu mbili za sita jumlisha 4 za nguvu zake, yaani 11, jumla 22. Kama ili pigo limpate adui anahitaji 8 kwenda juu kwenye dadu ya 20 hiyo ni 65%, kwaiyo kwa raundi anabaki na 14.3. Mnyemelezi wa leveli hiyo ana upanga mfupi 7.5 (dadu moja ya sita jumlisha 4) na dadu tatu za kuvizia 10.5, jumla 18, mara 65% inakuwa 11.7. Yuko chini kidogo na ni haki yake, ana kufuli na mitego na kujificha.

Hatua ya 4. Hesabu siku nzima, sio raundi. Mchawi wa leveli ya 5 akirusha mpira wa moto ni dadu 8 za sita, wastani 28 kwa kila aliyemo ndani (akikwepa anakula nusu), ila nafasi za uchawi (mara anazoweza kuurusha) za kiwango hicho ni mbili tu mpaka alale, labda na moja anayorudisha akipumzika kidogo. Ukiwapa pambano moja kwa siku anazimwaga zote pale na mpiganaji anabaki mtazamaji, ukiwapa matano mchawi anarudi kwenye kamoto ka bure ka wastani wa 7 hivi, nusu ya mpiganaji. Klasi hujaigusa hata herufi, umebadilisha ratiba tu.

Hatua ya 5. Hapa ndo nilipoharibu, someni taratibu. Nilitunga mwinda wafu: akipigana na maiti zinazotembea anaongeza dadu tatu, akipigana na kingine chochote ni dhaifu kuliko wote. Kwenye karatasi ilitoka sawa kabisa maana nilipanga nusu ya mapambano yawe ya wafu. Wachezaji wakaamua kwenda mjini badala ya makaburini, vikao vinne hamna maiti hata moja, rafiki yangu akawa anachezea simu, kikao cha tano hakuja. Nikarekebisha kwa kujaza mifupa kila kona, hapo nikamharibia mwenzake aliyejenga mhusika wa sumu, maana mifupa haidhuriki na sumu. Nilipoteza wawili kwa kosa moja, na lilikuwa la kwangu.

ONYO: usifidie udhaifu wa muda wote kwa nguvu ya mara mojamoja. Mchezaji hakai kwenye wastani wa kampeni (hadithi nzima ya vikao vingi), anakaa kwenye kikao cha leo. Sa hivi mtaalamu nampa walau 85% ya mwenzake wa hatua ya 2 SIKU ZOTE, kilele kisizidi mara moja na nusu, afu utaalamu wake uwe na kazi nje ya vita: asome alama za kaburi, ajue nani kalaaniwa. Ranger (klasi ya mwindaji wa porini) wa 2014 alilalamikiwa kwa jambo hilihili, unachagua adui na mazingira afu kampeni inaenda kwingine, na 2020 zikatoka mbadala rasmi.

Hatua ya 6. Cheza vikao vitatu kabla hujabadili namba.

MASWALI

Kete20: Mkuu tupia basi klasi iliyobalansiwa tayari
Jibu: Somo ni la kutunga. Hatua ya 1.

BabaGoblini: mganga wangu anaponya dadu 6 kila raundi, imezidi?
Jibu: Leveli ngapi? Mara ngapi kwa siku? Hatua ya 3 na 4 umeziruka.

BabaGoblini: hesabu nyingi mno, gemu ni kufurahi
Jibu: Rafiki yangu wa hatua ya 5 hakufurahi. Ni dakika kumi za hesabu.

Shanga: Nimesoma mara mbili, asante. Vipi klasi isiyopigana, mfano msemaji wa kundi?
Jibu: Swali zuri sana hili. Pambano linakula saa nzima, mazungumzo dakika kumi, kwaiyo msemaji lazima awe na kazi vitani, ila ya aina yake: asome udhaifu wa adui ampe mwenzake +2, kwenye dadu ya 20 hiyo ni 10% nzima. Na usiwafunge wengine midomo. D&D ilipotoka mara ya kwanza 1974 ilikuwa na klasi tatu tu, mwizi akaja 1975, kabla yake yeyote aliweza kupapasa ukuta kutafuta mtego, baadaye meza nyingi zikaona hiyo kazi ni ya mwizi peke yake. Kila utaalamu unaoongeza, angalia umemnyang'anya nani.

Mzee wa Pango: toleo la nne 2008 lilishamaliza hili
Jibu: Lilibalansi kweli, ila wengi walilalamika klasi zinafanana mkononi. Mi nataka zitofautiane.

Shanga: na nafasi za uchawi unazifuatiliaje? Wangu wanasahau kila siku
Jibu: Vifungo vya shati. Kila nafasi kifungo kimoja, ukiitumia unakirudisha kwenye bakuli katikati ya meza.

Kete20: hii ya vifungo naanza nayo kikao kijacho, rangi tofauti kwa kila leveli
Jibu: Safi, na hatua ya 1 ukishaiandika iweke hapa niione.